Mfumuko

Hapa Windsor, ukitaka kuitazama Marekani
unaelekea kaskazini. Wageni hubisha,
nami huwapeleka mtoni wakajionee:
majengo ya Detroit ng'ambo, maji katikati,
na malori juu ya daraja, yamesimama
kama shanga ambazo mtungaji kaziacha akaenda zake.

Nashona viti vya magari. Si kiti kizima:
ubavu wa kushoto tu, siti ya dereva,
mishono miwili sambamba, uzi wa kijivu,
mia tatu na arobaini kwa zamu.
Ngozi inakatwa ng'ambo, inashonwa hapa,
inarudi ng'ambo kujazwa sponji,
inakuja tena kufungwa chuma,
inavuka mara ya mwisho ikiwa kiti
na bado hakuna aliyekikalia.
Mpaka majuzi mto haukuhesabu.
Sasa unahesabu.

Ushuru. Neno hili nalijua tangu Muheza:
kijana mwenye kitabu cha risiti mlangoni mwa gulio,
mama anashusha tenga la machungwa,
analipa kabla hajauza hata moja.
Siku hiyo chungwa lilipanda shilingi tano.
Aliyelipa, mwisho wa yote, hakuwa mama.
Alikuwa mwenye kiu.
Sikusoma uchumi. Nilibeba tenga.

Dragica anashona ubavu wa kulia,
mwaka wa ishirini na sita, cherehani ile ile.
Ananiuliza: asilimia ishirini na tano ya nini?
Ya kila kitu, namwambia.
Anacheka mpaka anaondoa mguu kwenye pedali.

Saa ya chakula naweka redio ya nyumbani kwenye simu.
Mtangazaji anasema mfumuko wa bei.
Wenyeji hapa, kwa lugha yao, husema bei zimejaa upepo,
kana kwamba ni puto, litobolewe, yaishe.
Lugha yangu inaijua kazi yangu.
Kinachofumuka ni mshono:
uzi mmoja unalegea, wa pili unaufuata,
wala husikii chochote.
Yalianza mayai. Au ilikuwa bima ya gari?
Nyanya za Februari, kodi ya nyumba, mafuta ya kupikia
ambayo chupa imebaki ile ile ila kiuno kimebonyea.
Huwezi kutia kidole ukasema,
hapa ndipo palipoanzia.

Wataalamu wanasema ukuaji umehama.
Umepungua huku, umeongezeka kule,
nukta tatu, nukta nane,
kama mpangaji aliyeondoka bila kuacha anwani.
Mimi ukuaji ninaoujua uko kwenye fremu ya mlango wa jikoni:
Twalibu, Septemba, alama ya penseli;
Twalibu, Machi, vidole vitatu juu yake.
Viatu vya Septemba vinambana na hasemi.
Nilijua kwa namna anavyoshuka ngazi, upande upande.

Alhamisi msimamizi, Gaetano, alipita na karatasi.
Zamu za Ijumaa zimesimamishwa, kwa muda.
Hakututazama usoni; ana binti chuoni, naye ana karatasi yake.
Dragica aliipaka cherehani mafuta,
akaifunika taulo, akalipigapiga taulo lile
kama unavyombembeleza mtoto
ambaye hujui utamkuta macho au amelala.

Leo ni Ijumaa. Niko nyumbani, mchana mweupe,
sijui niweke wapi mikono.
Mkanda wa begi la Twalibu umefumuka.
Kwenye mkono wa sweta langu nimekuta uzi wa kijivu,
mrefu wa kutosha, uliokuja nami bila kuulizwa.
Nimeshona mishono miwili sambamba.
Uzi huu umevuka mto mara ngapi, sijui,
na kipande hiki hakijalipiwa popote.

Twalibu ameuvuta mkanda, mara mbili, kwa nguvu.
Utashika?
Mpaka Juni, nikasema,
nami nikawa mtabiri kama wao.
Viatu hakuvitaja.
Nami sikuvitaja.